Idi ni Jumatatu

Jumatatu, 10 Februari

Daftari hili nimepewa na shirika. Jalada lina picha ya mtoto wa kizungu anacheka juu ya baiskeli, na ndani kila ukurasa umegawanywa mara mbili: Mafanikio, Changamoto. Maxwell, kijana wa shirika, alituambia kwenye semina ya Ukunda tuandike kila siku, tena kwa uaminifu. Haya. Mimi ni Twaiba, mhudumu wa afya ya jamii, kijiji cha Mwachitoro, nyumba mia na sita, mkoba mmoja, viatu jozi moja. Mafanikio ya leo: sikumpiga mtu.

Changamoto ni Mbwana, fundi baiskeli. Nimepita kibandani kwake nikazikagua zile baiskeli nane anazowakodisha watoto Sikukuu. Tatu hazina breki kabisa. Nikamuuliza, "Mbwana, mtoto akitaka kusimama afanyeje?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Hushusha miguu."

Hushusha miguu! Na Iddi mwaka jana alishusha nini?

Iddi ni mtoto wa kaka yangu Jaafar. Hapa kwetu, tangu sisi wadogo, Idi ni nguo mpya, sarafu za mkono wa Idi, halafu mbio kwenda kukodi baiskeli. Iddi alifanya hivyo hivyo Idi iliyopita, kichwa wazi, akaangukia jiwe. Alikuwa akisoma Kurani kwa sauti ambayo watu walikuwa wakisimama njiani kuisikiliza. Sasa ana miaka kumi na miwili na mama yake ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

Niliapa mbele ya wifi yangu Hanifa kwamba Idi hii hakuna mtoto wa Mwachitoro atakayepanda baiskeli kichwa wazi. Kwa hiyo niliposikia kuna shirika linaleta helmeti za watoto na linatafuta wahudumu wa kushirikiana nao, nilikwenda Ukunda siku hiyo hiyo, sikungoja hata kualikwa.

Alhamisi, 13 Februari

Tumepima vichwa, shuleni asubuhi na madrasa alasiri. Maxwell alikuja na utepe wake na karatasi zake. Kijana mzuri, ana adabu, amenibebea mkoba. Ila ananiita "Mathe", Kisheng chao cha mama, kama vile mimi nauza chapati stendi.

Madrasa akataka wasichana wavue mitandio wapimwe. Ustadhi akabaki mdomo wazi. Nikamvuta Maxwell kando, "Watoto hawa barabarani wana mitandio. Wewe unataka kupima kichwa ambacho hakipandi baiskeli?" Akajikuna. "Aki hiyo hatukufikiria, Mathe." Tukapima na mitandio, na wavulana na kofia zao. Kama si mimi, zingeletwa helmeti za kuvaa vidole.

Fauzia, dada yake Iddi, miaka tisa, amepimwa mara mbili kwa kuwa hatulii. "Shangazi, yangu itakuwa nyekundu?" Nikamwambia itakuwa nyekundu. Wala sijui kama zipo nyekundu.

Alhamisi, 20 Februari

Zimekuja! Mia moja na ishirini. Nimekaa chini sakafuni nikaandika jina la kila mtoto ndani ya helmeti yake kwa kalamu nzito. Nyekundu zilikuwa kumi na nne, na moja nimeiandika FAUZIA JAAFAR kabla mtu hajauliza.

Halafu Maxwell akasema zifungwe stoo ya zahanati mpaka uzinduzi, wiki ijayo, aje mheshimiwa mbunge azigawe na picha zipigwe. Nikauliza kwa nini tusigawe leo, watoto si wako hapo nje wanachungulia dirishani? "Mathe, tulia. Bila picha wafadhili hawawezi jua zilifika. Moja ikitoka kabla, awamu ya pili imekufa."

Nesi Veronicah, msimamizi wa zahanati, akafunga kufuli. Mwanamke wa bara, mkavu, miaka sita yuko hapa na sijapata kuyaona meno yake. Nikamwona ni wale wale.

Ijumaa, 28 Februari

Uzinduzi ulikuwa jana. Haukuwa. Mheshimiwa ana mkutano. Sasa ni tarehe sita.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi umetugawa tena. Jaafar na wenzake wa msikiti wa juu wameanza kufunga leo, wamefuata mwezi ulioonekana ng'ambo. Sisi wa msikiti wa chini tunangoja mwezi wa macho yetu, kwa hiyo tunaanza kesho. Marehemu baba alikuwa wa mwezi wa hapa, na babu vilevile. Jaafar tangu alipopata kazi hoteli ya Chale akawa na wenzake wa mjini, basi amekuwa mjuzi.

Nimempitia asubuhi na kipande cha muhogo mkononi, nakitafuna taratibu makusudi. "Twaiba, unakula mchana wa Ramadhani?" Nikamwambia, "Wewe je, unafunga Shaabani?" Tukacheka wote wawili. Kila mwaka tunacheka.

Jumapili, 2 Machi

Saumu ya kwanza. Joto la kukaanga mtu. Kisima cha shule kimekauka.

Alhamisi, 6 Machi

Viti vilikuja, hema likaja, watoto wakapangwa mistari juani wengine wamefunga, kwa muda wa saa mbili na robo. Kisha simu ikalia. Mheshimiwa amesafiri. Maxwell akaitisha makofi. Makofi! Tumempigia makofi mtu ambaye hakuja!

Watoto wamerudi nyumbani kwa baiskeli za baba zao, vichwa wazi, wakiwa wamepita mbele ya stoo yenye helmeti zao mia na ishirini. Nimeona mmoja amempakia mdogo wake kwenye usukani. Nimepiga kelele mpaka koo likawaka, na maji siwezi kunywa.

Mafanikio: hema lilikuwa zuri.

Jumatano, 12 Machi

Mbwana ameniita kibandani. Nilikwenda nimejitayarisha kugomba. Kumbe baiskeli zote nane amezitia breki mpya. Akanizungushia gurudumu moja moja, akabana, likasimama. "Iddi simsahau," akasema. "Kila Ijumaa humpelekea halua. Hanifa hajakwambia?" Hanifa hakuniambia.

Halafu akatoa wazo. Watoto wa hapa wengi hawana baiskeli, wanakodi kwake. Basi apewe helmeti nane tu sasa, kila baiskeli ifungwe ya kwake kwenye usukani. Mtoto akikodi, anakodi vyote viwili. Asiyetaka kuvaa, aende akapande punda.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikamwambia fundi wa spoki ananifundisha afya. Lakini njiani wazo likanikaa, nikampigia Maxwell. Akasema pendekezo la mradi linasema mtoto mmoja, helmeti moja, jina lake ndani, na pendekezo haliwezi kubadilishwa katikati. Nikaona nimekosana na mtu aliyekuwa na akili kwa ajili ya mtu mwenye karatasi.

Jumanne, 18 Machi

Nina hasira hata kalamu inatoboa.

Leo nimefuturisha. Nimemwita Jaafar na jamaa zake, tambi, viazi vya nazi, mkate wa sinia. Tumekula vizuri. Mara mzee mmoja akauliza Idi itakuwa lini, na Jaafar akajibu mbele ya watu wote, huku anajipangusa mdomo kwa kitambaa changu, "Kwetu Jumapili. Msikiti wa chini watafunga siku hiyo, na kufunga siku ya Idi ni haramu, lakini ndiyo mazoea yao."

Nikamwuliza, "Baba yetu alifunga hivyo miaka sabini. Unasema alikufa katika haramu?"

"Sikumtaja baba."

"Umemtaja!"

Akaondoka. Baadaye nikawapelekea bakuli la kaimati, nikasema yaishe. Bakuli limerudi tupu. Hapa petu bakuli la futari halirudi tupu, hata ukitia ndani tende moja. Tupu, limeoshwa, limefutwa likang'aa. Sawa. Waone Idi yao nami nitaona yangu.

Jumanne, 25 Machi

Uzinduzi umepata tarehe ya tatu: Jumatatu tarehe 31, siku ya Idi yenyewe, alasiri. Mheshimiwa anapenda watoto wawe na nguo mpya. Maxwell amesema redio zote na kalenda zote zinaonesha Jumatatu. Veronicah akamwambia taratibu, "Hapa wengine husherehekea mapema." Maxwell hakuelewa. "Si Idi ni moja?" Nikajibu mimi, kwa sauti, "Ni moja. Jumatatu."

Veronicah anakwenda kwao Nyamira kwenye msiba wa shangazi yake. Ufunguo wa stoo ameniachia mimi. "Nakuamini wewe kuliko hiyo kufuli," akasema. Nimeutia kwenye kamba nikauvaa shingoni, ndani ya nguo. Kumbe huyu mama si mkavu, ni mtu wa maneno machache tu.

Ijumaa, 28 Machi

Mawingu upande wa Shimoni. Hayakushuka.

Jumamosi, 29 Machi

Takbiri msikiti wa juu tangu magharibi. Kwao kesho ni Idi. Kwetu leo ni saumu ya ishirini na nane tu, mwezi tutautazama kesho.

Fauzia alikuja mbio na watoto wenzake saba nyuma yake, hina mikononi bado mbichi. "Shangazi, tupe helmeti. Mbwana anafungua asubuhi!" Jaafar naye alikuwa amesimama njiani, mikono nyuma, anatazama nitasemaje.

Nikamtazama yeye, si watoto. Nikasema, "Helmeti ni za Idi. Idi ni Jumatatu."

Nimempigia Maxwell. Amesema, "Ni siku moja tu, Mathe. Tusiharibu." Basi. Si mimi niliyekataa.

Jumapili, 30 Machi

Fauzia ameanguka.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika asubuhi, kwenye benchi la hospitali. Nimetolewa nje kwa kuwa daktari yumo ndani. Leo ndiyo Idi yangu. Sikusali.

Jana saa moja na nusu Mbwana alinipigia simu. "Twaiba, watoto wamefika, wamejaa uwanja mzima. Lete helmeti." Nikamwambia Idi ni kesho. Akasema, "Kesho yenu. Hawa wameshavaa." Nikamwambia asifungue. Akasema atajaribu. Alijaribu, wamesema wote, aliketi mlangoni nusu saa amekunja mikono, na wao wamesimama na nguo zao za mapambo wanalia. Nani anaweza kumfungia mtoto Idi? Akafungua, akawaamuru wazunguke uwanjani tu, wasitoke.

Mimi nilikuwa nyumbani, nimefunga, naosha mchele ambao hakuna aliyekuwa akiuhitaji. Saa tatu kasoro nikasikia kengele ya baiskeli barabarani, kriing, kriing, mbele ya nyumba yangu, ndefu, ya kuita. Sikutoka. Nikasikia tuktuk inapiga honi. Kisha sauti ya kitu.

Alikuwa amelala ukingoni mwa kile kidaraja cha mfereji, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Gauni la manjano lenye vishanga vya kung'aa. Mtandio mweupe. Hakukuwa na damu nyingi, na nilijua hiyo si habari njema, nilifundishwa. Nilimshika kichwa kisisogee, nikamwita jina lake, jicho moja likanitazama na jingine likatazama mti. Mwenye tuktuk alikuwa akirudia, "Nilimkwepa, mama, wallahi nilimkwepa." Alimkwepa kweli. Hakumgusa. Ni mtoto tu aliyumba akaangukia zege kichwa kikiwa wazi.

Sijui alikuwa akitafuta nini upande wetu. Uwanja wa Mbwana uko kule juu.

Jaafar alikuja anakimbia na kanzu yake mpya ameikunja mkononi. Tulimbeba kwa ubao wa mlango wa Mbwana. Mbwana aliung'oa mwenyewe kwa mikono. Hospitali walimpokea mbio, wakasema ubongo umevimba, wakamwingiza ndani.

Nilirudi Mwachitoro adhuhuri kwa sababu nilikumbuka watoto wengine. Nikaenda stoo na nguo zangu zenye damu, nikafungua kufuli. Nilitoa helmeti zote, kwa mikono, kwa sinia, kwa beseni, na Mbwana akanisaidia. Tulimvisha kila mtoto yake, tukazibana kamba chini ya kidevu. Zilikaa sawa juu ya mitandio. Watu walitoka majumbani, wa juu na wa chini, wakasimama kutazama. Mama mmoja akaniambia, "Mungu akulipe, Twaiba. Wewe ndiye mwenye moyo." Nilitaka kumtemea mate.

Ikabaki moja nyekundu.

Jioni

Uzinduzi. Nimekwenda, nimekwenda makusudi.

Hema lile lile. Maxwell alitoka kwenye gari akaona watoto wanazunguka uwanja mzima na helmeti vichwani, akashika kiuno. Akanijia mbio mbio, sauti ya chini. "Mathe, umefanya nini? Mgeni rasmi yuko Diani, dakika ishirini afike. Wakusanye. Wavue zote, turudishe kwa maboksi, halafu atawapea upya."

"Wavue?"

"Ya picha tu. Nusu saa."

Hapo sikujua niliinua sauti kiasi gani. Nimeambiwa nilisikika mpaka barabara ya lami. "Maxwell! Kuna mtoto amelala hospitali kichwa kimefungwa bandeji, amelala hivyo kwa ajili ya picha yako! Zaidi ya mwezi helmeti yake imekaa gizani na jina lake ndani! Sasa unataka niwavue na hawa? Mguse mmoja. Mguse mmoja tu, uone leo Idi itakuwaje!"

Watu wakapiga makofi. Mbwana akaja akasimama upande wangu na spana mkononi. Maxwell macho yakamlowa. "Mimi ni kibarua tu, Mathe. Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita." Nilimwona mdogo, kijana wa watu, mwenye mama mahali fulani. Sikumhurumia vya kutosha.

Mheshimiwa akafika, akaambiwa, akafikiri kidogo, akasema basi atapigwa picha na hiyo moja iliyobaki. Ile nyekundu, ilikuwa mezani kwenye kitambaa. Akanyoosha mkono.

Nikaichukua mimi. Nikaifunga kwenye leso nikaondoka nayo, na mvua ya kwanza ya masika ikaanguka hapo hapo, kubwa, hema likaanza kuvuja. Kijiji kizima kinanisifu tangu saa ile. Wanasema Twaiba amewashinda.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Fauzia hajaamka.

Kuna jambo sikuliandika Jumamosi. Daftari hili ni la uaminifu, alisema Maxwell, na hilo ndilo neno lake moja nililolishika.

Baada ya kumpigia Maxwell, nilimpigia Veronicah huko Nyamira. Nilimwambia watoto wa msikiti wa juu wanasherehekea kesho. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba nyimbo za msiba. Akasema, "Mama Twaiba, ufunguo si unao? Fungua wapewe wanaohitaji. Nikiulizwa nitasema nilikuagiza mimi."

Aliiweka rehani kazi yake. Mwanamke niliyemsema kwamba ni mkavu.

Nami nikamjibu, "Asante, Sista, lakini Idi ni Jumatatu."

Kwa hiyo si Maxwell. Maxwell alikosa, lakini Jumamosi usiku Maxwell alikuwa ameshaondolewa njiani. Ruhusa nilikuwa nayo, ufunguo ulikuwa kifuani pangu, unanichoma kwa jasho. Nilikataa kwa sababu ningefungua stoo siku ya Jumapili ningekuwa nimekiri kwamba Jumapili ni Idi. Nilimtazama Jaafar amesimama na mikono nyuma, nikaona bakuli tupu, nikasema moyoni, watangoja, wajue nani ana Idi. Nilikuwa nataka kaka yangu angoje. Aliyengoja ni mtoto.

Hasira zote zilizomo humu, ukurasa baada ya ukurasa, mheshimiwa, Maxwell, Mbwana, na hakuna hata mstari mmoja juu ya mtu mwenye ufunguo.

Jumapili, 6 Aprili

Amefumbua macho. Hasemi.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia Jaafar. Ukumbini mwa hospitali, kwenye ile foleni ya dawa, kwa sababu ningengoja mahali pazuri nisingesema. Nimemwambia lote, Veronicah alivyosema, nami nilivyojibu.

Aliuliza, "Ulikuwa nao wapi?"

"Shingoni."

"Tulipokuwa tumesimama pale njiani?"

"Ndiyo."

Foleni ikasogea, tukasogea nayo. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, wallahi ningepumua. Akasema, huku anatazama karatasi ya dawa, "Huwa wanazunguka uwanjani. Mbwana aliwakataza kutoka. Unajua nani alimtuma kwako?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi. Nilimwambia, nenda ukapite mbele ya nyumba ya shangazi yako. Piga kengele sana. Akuone una Idi."

Basi tukasimama pale, watoto wa baba mmoja, watu wazima wenye mvi, mmoja alifungia helmeti na mwingine alituma baiskeli. Mhudumu wa dirishani akaita, "Anayefuata!" Hakuna aliyekwenda. Jaafar ndiye aliyeanza kulia. Mimi machozi hayakuja, nilikuwa na hasira mno na sikuwa tena na mtu wa kumtupia.

Jumamosi, 12 Aprili

Veronicah amerudi. Nimempa ufunguo wake. Alikuwa ameshasikia. Alinitengenezea chai, akaniwekea mbele, akasema, "Leo tunaanza na Mbwana." Amempelekea helmeti tisa zilizorudishwa na watoto wasiopanda baiskeli, na Mbwana ameziunganisha na baiskeli kwa nyaya, moja moja, ya tisa akaiweka ya akiba. Hakuna uzinduzi. Hakuna aliyepiga makofi. Shirika limeandika barua ya kuniondoa kwenye mradi. Nimeisoma nikaiweka humu ndani. Sitawajibu, ijapokuwa sababu walizoandika si ile ninayoijua mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

Masika yameshika, njia yetu imekuwa mto. Nimefika wodini nimelowa mpaka magotini, leso begani na ile nyekundu ndani yake. Hanifa alikuwapo, na Iddi pembeni mwa kitanda, amemshika dada yake kidole kimoja. Tangu bakuli langu lirudi tupu, hakujapita jingine kati yangu na Hanifa, wala sijalidai. Hanifa amenisogezea kiti.

Fauzia wamemnyoa upande. Helmeti haiwezi kupita juu ya bandeji, nilijua, lakini niliitoa nikamwekea kifuani. Akaishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia bado mzito, daktari anasema tungoje, huenda ukarudi, huenda usirudi. Akaigeuza, akaangalia ndani, akafuata jina lake kwa kidole, herufi moja moja, kwa muda mrefu sana. Tulikuwa hatujamsikia kusema zaidi ya "maji" wiki nzima.

"Nyekundu," akasema.

Nikasema, "Nyekundu."

Akanitazama kwa macho yote mawili. Hakumbuki kitu cha siku ile, hakumbuki gauni, hakumbuki kengele. Ulimi unamvuta maneno kama anayapandisha mlima. "Shangazi. Idi... lini?"

Jaafar alikuwa mlangoni, ameingia na chupa ya chai. Akasimama. Hanifa akainamisha uso. Walikuwa wakiningoja mimi, mjuzi wa siku za Idi.

Nimemwambia, "Leo, mwanangu. Idi ni leo." Nikambusu mkono, nikampa mkono wa Idi. Na mtu anayetaka kubishana nami habari ya mwezi, wa msikiti wowote, anifuate hapa hapa wodini.